Nimekubaliwa kuhamia Mlimani, lakini naona kama siwezi

Msuli_Isevya

Mwangaluka wakuu.

Nipo Tabora mjini, nimemaliza mwaka wa kwanza wa ualimu, masomo yangu ni Hisabati na Jiografia. GPA ya mwaka, yaani wastani wa alama, ni 4.1 kati ya 5. Niliomba kuhamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kuanzia mwaka wa pili, na barua ya kupokelewa imefika juzi. Nyumbani ni vigelegele, mimi usingizi hauji.

Form six nilisoma EGM nikatoka na daraja la pili la pointi 10: Uchumi C, Jiografia C, Hisabati D. Hapa darasani tuko wachache, mwalimu anakujua kwa jina, na kwenye makundi mara nyingi mimi ndiye ninayeelekeza wenzangu. Kule kuna watu wa daraja la kwanza la pointi 3 na 4. Kila nikiitazama ile D naona nimepita kwa bahati, na CA (majaribio ya katikati ya muhula) ya kwanza tu itaniumbua.

Naomba kujua mambo matatu. Nitatofautishaje woga na kukosa uwezo kweli? GPA yangu itakuwaje nikihama? Na mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) unahama vipi? Nina wiki mbili za kujibu barua. Tafadhali msinipe moyo, nipeni cha kufanya.

---

Mzee wa Vimbweta

Tuanze na hiyo D, mdogo wangu, maana naona ndiyo inayokuchapa.

NECTA (Baraza la Mitihani) na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanahesabu pointi kwa kupishana. Kwa NECTA, A ni 1, C ni 3, D ni 4. Ndiyo maana C, C na D zako zimekupa 10, na daraja la pili linaanzia hapo hapo kwenye 10. Kwa TCU, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na sharti la chini la shahada ni masomo mawili uliyofaulu kuanzia E kwenda juu yenye jumla ya pointi 4. Hisabati 2 na Jiografia 3 ni 5. Kwa hiyo mlangoni uliingia kihalali. Isitoshe wewe unahamia mwaka wa pili, na waliokupokea wameona pia mwaka mzima wa Hisabati ya chuo uliyoisoma baada ya hiyo D.

Sasa swali lako la kwanza. Wasiwasi wako ni vitu viwili vilivyofungwa kwenye mfuko mmoja. Kimoja kinapimika kwa kalamu na karatasi: je, msingi wa Hisabati wa mwaka wa kwanza wa kule ninao? Cha pili hakipimiki: je, mimi ni mtu wa pale? Watu wengi hukaa wiki nzima wakihangaika na cha pili, na cha kwanza ambacho kinajibika ndani ya siku tatu hawakigusi. Pima kwanza.

Tafuta karatasi za UE (mtihani wa mwisho wa muhula) zilizopita za kozi za Hisabati za mwaka wa KWANZA. Usianze na za mwaka wa pili, utajitisha bure kwa vitu ambavyo hata wa huko hawajafundishwa. Mwanafunzi yeyote wa kule anazo kwenye simu. Chukua mbili: moja ya uchanganuzi, yaani limiti, mwendelezo na mifuatano, nyingine ya aljebra ya matriki. Kaa Maktaba ya Mkoa au chini ya mwembe wowote usio na wapiga soga, simu imezimwa, saa tatu kamili, bila madesa (notisi). Siku ya tatu ndiyo usahihishe, siyo jioni ile ile. Ukisahihisha papo hapo unajisomea ulichokuwa unamaanisha badala ya ulichoandika.

Nitakuonesha pengo lilipo ili usishtuke. Vyuo vingi mwaka wa kwanza wanakutaka UKOKOTOE. Pale swali linaweza kukutaka UTHIBITISHE. Chukua hili:

Thibitisha kwa epsiloni (ε) na delta (δ) kwamba limiti ya 3x − 1, x inapokaribia 2, ni 5.

Aliyezoea kukokotoa anaweka 2 ndani ya x, anapata 5, anapiga mstari chini mara mbili, anahamia swali linalofuata. Alama hapati, kwa sababu 5 alishapewa kwenye swali. Kinachotakiwa ni hiki:

Chukua ε yoyote kubwa kuliko sifuri. |(3x − 1) − 5| = |3x − 6| = 3|x − 2|. Chagua δ = ε/3. Basi kwa kila x ambapo 0 < |x − 2| < δ, tunapata 3|x − 2| < 3 × ε/3 = ε.

Mistari mitatu. Makosa ni yale yale kila mwaka: mtu anachagua δ kuwa namba, mathalani 0.01, wakati δ lazima itegemee ε. Au anaanza na kile anachotakiwa kukifikia, kama vile kimeshathibitishwa. Au anasahau neno "yoyote", na hapo amethibitisha kwa ε moja tu.

Ukimaliza hilo jaribu x², x ikikaribia 3, limiti 9. Hapa wengi wanakwama, kwa sababu |x² − 9| = |x − 3| × |x + 3|, na huyo |x + 3| hatulii, anabadilika kila x ikibadilika. Unamfunga kwanza: ukikubali δ isizidi 1, x inakuwa kati ya 2 na 4, kwa hiyo |x + 3| haifiki 7. Ndipo δ inakuwa ndogo kati ya 1 na ε/7. Ukiweza kueleza kwa maneno kwa nini ile 1 imeingia pale, uwezo unao. Kama huwezi leo, hilo ni jambo la jioni mbili tatu, usilifanye hukumu ya kichwa chako.

Ukipata 50 kwenda juu kwenye karatasi zote mbili, swali la uwezo limekwisha. Kati ya 35 na 50, una kazi ya wiki sita kabla chuo hakijafunguliwa. Chini ya 35 kwenye zote mbili, rudi hapa tuongee tena kabla hujajibu barua.

---

Krediti_120

Nitajibu la GPA tu.

Madaraja ya shahada: 4.4 hadi 5.0 ni la kwanza, 3.5 hadi 4.3 la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 pasi. GPA inakatwa kwenye desimali moja, haikadiriwi kwenda juu. 3.49 ni 3.4, usitegemee huruma ya mtu.

Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, karibu 120 kwa mwaka. Tuseme kule unashuka hadi 3.3 kwa miaka miwili iliyobaki. Kama alama zako za Tabora zinaingia kwenye hesabu: (120 × 4.1 + 240 × 3.3) ÷ 360 = 1284 ÷ 360 = 3.56, inakatwa kuwa 3.5. La pili la juu. Kama krediti zinatambuliwa lakini alama haziingii, unabaki na 3.3. La pili la chini. Mtu yule yule, kazi ile ile.

Kwa hiyo kabla ya kujibu barua, muulize Msajili wa kule kwa MAANDISHI: kozi zipi zimetambuliwa, kwa krediti ngapi kila moja, na alama zake zinaingia kwenye GPA ya mwisho au hapana? Jibu la mdomo kwenye dirisha la ofisi halina thamani mwaka wa tatu. Kozi za Stadi za Mawasiliano na Maendeleo kwa kawaida hazina ugomvi. Ugomvi unakuja kwenye kozi ambayo jina linafanana ila ndani ni tofauti, au ya kwako ni krediti 8 na ya kwao ni 12. Ikikataliwa unaibeba pamoja na mzigo wa mwaka wa pili, na ratiba itagongana, hilo andika kabisa. Ukibeba moja inavumilika. Ukibeba tatu ni heri uombe kuanza mwaka wa kwanza upya au ubaki ulipo.

---

Ujiji_Darini

Mimi nitakuwa mbaya kidogo. Kwa nini unahama?

Kama lengo ni kufundisha sekondari, cheti cha Tabora na cha Mlimani vyote ni shahada zinazotambuliwa na TCU, na ajira za walimu siku hizi ni usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira. Pale unaulizwa somo. Jina la chuo halikufanyii mtihani. Unaacha darasa dogo, mwalimu anayekujua, chakula cha nyumbani, na labda 4.1 inayoelekea 4.4, uende ukapangishe chumba Msewe. Kama unataka kuendelea na Hisabati yenyewe, shahada ya pili, takwimu, au kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi, hapo nakuelewa, maana wahadhiri na kozi za kuchagua ni nyingi zaidi. Ila kama sababu ni kwamba mtaani Isevya wakisikia "yuko Mlimani" wanakaa sawa kwenye kiti, hiyo sababu itakuishia mwezi wa pili.

Kukataa nafasi siyo uoga. Andika sababu zako mbili kwenye karatasi bila neno "jina" wala "heshima". Zikibaki tupu, baki.

---

Mzee wa Vimbweta

Ujiji_Darini, hapo kwa usaili nakubaliana nawe. Kwa darasa dogo sikubaliani sana. Darasa dogo linaficha pengo kama hilo la epsiloni, kwa sababu mwalimu akikujua anakupa alama za ulichokusudia.

---

Msuli_Isevya

Asanteni sana wakuu. Nimefanya karatasi zote mbili, nikasahihisha siku ya tatu kama ulivyosema Mzee. Matriki 61, uchanganuzi 38. Kwenye uchanganuzi maswali ya kukokotoa nimepata karibu yote, ya kuthibitisha nimepoteza. Ile ya x² nilichagua δ = ε/7 nikasahau ile 1.

Sababu zangu mbili: nataka takwimu baada ya shahada, na hapa sina kozi za kutosha za kuchagua upande huo. Ujiji_Darini, nimejaribu kuandika bila "heshima", zimebaki hizo.

---

Mzee wa Vimbweta

38 kwa kukosa uthibitisho peke yake ni habari njema, mdogo wangu, maana hujatawanyika. Ungekuwa umepoteza kila mahali kidogo kidogo ningesema mengine.

Na hiyo 1 uliyoisahau: ukiiacha, ε ikiwa kubwa, tuseme 14, δ yako inakuwa 2, x inaweza kufika 4.9, na |x + 3| inakuwa 7.9. Ule ukuta wa 7 umevunjika. Jaribu: 4.9² ni 24.01, toa 9 unapata 15.01, imezidi 14. Uthibitisho umeanguka. Ukilitazama kosa kwa namba hivi halirudi tena.

Wiki sita: uthibitisho mmoja kila siku, kwa mkono, daftari limefunikwa. Wiki mbili limiti na mwendelezo, mbili mifuatano, moja thibitisho za kukanusha na za hatua kwa hatua, ya mwisho rudia karatasi ile ile ya 38. Usitazame video za masomo kama sinema. Kuelewa anachoandika mwingine na kuandika mwenyewe ni kazi mbili.

---

Dada Takwimu

Mdogo wangu, hongera kwa kupima. Mimi naongelea kile kipande cha pili ambacho Mzee amesema hakipimiki, kwa sababu hata ukipata 80 kwenye karatasi hizo kitakufuata hadi kumbi za mihadhara za Yombo.

Ulichokieleza kinajulikana. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu sana masomoni na kazini ambao bado waliamini wamepita kwa bahati na siku moja watagunduliwa. Angalia sentensi yako ya "nimepita kwa bahati", ni hiyo hiyo. Dalili yake ni moja rahisi: ukifaulu unasema mtihani ulikuwa mwepesi, ukifeli unasema ndivyo nilivyo. Umefanya hivyo hapa hapa. 61 ya matriki umeipita bila hata neno, 38 umeielezea kwa sentensi mbili.

La pili ni Herbert Marsh na wenzake, waliochunguza wanafunzi wenye uwezo sawa kwenye shule za viwango tofauti. Aliye kwenye shule ya vigogo hujiona dhaifu kuliko mwenzake mwenye uwezo ule ule aliye kwenye shule ya kawaida. Yaani kambale wa bwawa la Igombe ukimtia Tanganyika hapungui hata kilo, ila wanaomzunguka wamebadilika. Tegemea kujiona mdogo wiki ya kwanza, na usichukulie hisia hiyo kama matokeo.

La tatu ndilo la msingi kwako. John Hills mwaka 1965 alikusanya tafiti za Marekani za wanafunzi waliohama kutoka vyuo vya miaka miwili kwenda vyuo vikuu, akaona alama zao hushuka muhula wa kwanza baada ya kuhama, kisha kwa wengi hupanda tena. Sababu siyo akili. Ni mtindo mpya wa maswali, kutojua mhadhiri anapenda jibu liandikwe vipi, na kukosa kundi la kusoma, kwa sababu makundi yalishaundwa mwaka wa kwanza. Wewe unafika mwaka wa pili, watu wameshakuwa na vimbweta (meza za kusomea za nje) vyao. Hicho cha mwisho ndicho kinachoumiza zaidi na ndicho chepesi kukirekebisha. Wiki ya kwanza usiulize "naomba kujiunga na kundi lenu". Nenda semina ukiwa umekwisha kufanya maswali yote, hata kwa makosa, kisha mwambie aliye jirani: swali la nne umepata ngapi? Vikundi vya kule vinaanza hivyo.

Hesabu za wiki: krediti moja ni saa 10 za kazi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukigawa kwa wiki 15 ni saa 8 kwa wiki. Mihadhara na semina zinakula kama 4, zinabaki 4 zako. Kozi tano ni saa 40 kwa wiki zote pamoja. Ukiona unasoma saa 70 na bado umechanganyikiwa, tatizo ni namna unavyosoma, usiongeze usiku. Ukiona ni 22, hapo wala huna haja ya kujichunguza nafsi, ongeza saa tu.

CA ya kwanza. Kozi nyingi ni CA 40, UE 60. Tuseme umetoka na CA ya 24. Kufika 50, yaani B, unahitaji 26 kati ya 60. Kufika 60, yaani B+, unahitaji 36. A ni 46. Bandika hizo namba ukutani kwa kila kozi siku matokeo ya CA yanapotoka. Zinakuonesha uko wapi, wakati kichwa saa hiyo kitakwambia umekwisha. Ukitoka na 14 unahitaji 36 kupata B. Inawezekana, lakini ndiyo ishara ya kwenda kwa mhadhiri WIKI HIYO ukiwa na karatasi yako mkononi, umezungushia mahali alama zilipopotea. Usiende ukasema "sielewi somo", hana pa kuanzia. Usisubiri sapu (mtihani wa marudio) ikuokoe, sapu hata uandike vizuri kiasi gani inaishia C, yaani pointi 2.

Na jambo dogo: usiwe na mazoea ya kuuliza watu walipata pointi ngapi form six. Swali hilo halina faida yoyote baada ya mwezi wa kumi na moja.

---

Reli ya Kati

Naona wamesahau mkopo.

Mkopo unakwenda na chuo na programu uliyopangiwa. Usidhani kwa kuwa ni jina lako basi utakufuata wenyewe. Nenda kwa afisa mikopo wa chuo unachotoka na nakala ya barua ya kupokelewa, aandike kwamba umehama na hujasaini muhula mpya pale. Halafu kwa afisa mikopo wa kule ukifika, na barua zote mbili. Kosa kubwa ni kusaini bumu (fedha za mkopo) la Tabora ukiwa tayari umeamua kuhama. Fedha inaingia chuo cha zamani, inatakiwa irudishwe Bodi, na wewe unakaa. Hata mambo yakienda sawa, awamu ya kwanza baada ya kuhama huchelewa. Posho ya chakula na malazi kwa anayelipwa kamili ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo miezi miwili ni kama 600,000. Hicho ndicho kiasi ambacho nyumbani wanatakiwa wawe nacho mkononi. Kama hakipo, kiongeleeni sasa, wakati vigelegele bado vipo.

Chumba: wanaohamia mara nyingi wanakuta vitanda vya hosteli vimeshagawiwa. Omba siku ile ile unayojibu barua. Watu watakwambia utabebwa, yaani ulale kwa mwenye kitanda. Ni kinyume cha kanuni, na anayeponzeka zaidi ni yule aliyekubeba. Changanyikeni na Msewe unatembea kwa miguu hadi darasani, Sinza unapanda daladala.

Makaratasi, kabla hujaondoka Tabora: matokeo ya mihula yote miwili yenye muhuri wa Msajili, maelezo ya kila kozi yenye mada, krediti na saa, muhuri kila ukurasa, siyo wa kwanza tu, barua ya kuruhusiwa kuondoka, fomu ya kumaliza madeni ya maktaba, hosteli na uhasibu, vyeti vya form four na form six, cheti cha kuzaliwa. Maelezo ya kozi ndiyo yanayosahaulika, na kuyafuata kutoka Dar ni kumsumbua mtu wiki tatu kwenye simu.

Moja zaidi kwa sababu wewe ni mwalimu: kama umeshafanya mazoezi ya kufundisha baada ya mwaka wa kwanza, chukua fomu za tathmini na barua ya mkuu wa shule yenye muhuri. Bila hizo wanaweza kukurudisha shule ufanye upya, na hapo likizo yako imekwisha.

Safari: basi hadi Dodoma, kisha SGR hadi Dar. Ukienda kwa basi moja kwa moja unashukia Mbezi Luis. Ukifika usiku wa manane na mabegi, subiri kituoni kupambazuke ndipo utafute gari la Ubungo, kutoka pale unafuata barabara ya Sam Nujoma.

---

Msuli_Isevya

Barua kwa Msajili kuhusu alama nimeituma leo mchana. Fomu za mazoezi ya kufundisha ziko kwa mkuu wa shule Sikonge, naenda kuzifuata Jumatatu. Dada Takwimu, 61 ya matriki nimeiandika ukutani.

---

Krediti_120

Jibu la Msajili likija liweke hapa, ukificha jina lako na namba ya usajili. Kuna wengine wawili wameniuliza jambo hilo hilo inbox.